Kibati Namba Tisa

Shangazi yangu alikuwa na kanuni moja, na asubuhi ile aliirudia mara tatu kabla boti ya kwanza haijagusa gati: kila mgeni atundike kibati chake kwa mkono wake mwenyewe.

"Si kwa mkono wa mumewe," alisema, akinitazama mimi peke yangu ingawa tulikuwa waongozaji wanane. "Si kwa mkono wa rafiki yake. Na wewe, msomi wangu, usije ukamtundikia mtu kwa huruma. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

"Hapa getini mimi si shangazi. Shangazi yuko nyumbani anapika. Hapa mimi ni Msimamizi."

Bawabu wa geti la bandari, ambaye mji mzima ulimwita Spika kwa sababu hakuwahi kunong'ona tangu azaliwe, alicheka hadi kofia ikamwanguka. "Ukifika nyumbani msalimie Shangazi," aliniambia. "Mwambie huku kuna mama mmoja mkali, asije."

Meli ilikuwa imetia nanga mbali, kwa kuwa gati letu ni fupi na maji yake hayana kina. Wageni waliletwa kwa boti ndogo za meli yenyewe, na sisi tuliwapokea getini. Kila mwongozaji alikuwa na ubao wenye misumari kumi na miwili na vibati kumi na viwili vyenye namba. Mgeni alipoingia mjini alivaa kibati shingoni. Alipotoka alikitundika kwenye msumari wake. Bila kibati Spika hakumruhusu mtu kupita, awe nani. Ubao ukijaa, mwongozaji aliupeleka kwa Msimamizi, naye akatia sahihi kwenye fomu ya afisa wa meli kwamba kundi lile lote limerudi. Hatukuwa na mtambo mwingine wa kuhesabia watu. Tulikuwa na misumari.

Kwa miaka minne Shangazi alikuwa ameandika barua kuomba meli ya watalii isimame kwetu, hata mara moja. Hii ilikuwa ya kwanza. Afisa wa meli alikuwa amemwandikia kwamba siku ikipita bila dosari, meli nyingine sita zitafuata katika msimu huohuo, na Shangazi, asiyeamini ahadi za mtu yeyote, alikuwa amekwisha kuziandika zote sita kwenye karatasi na kuibandika ukutani ofisini kwake.

Mimi nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, mwaka wa tatu, nasoma lugha. Niliamini kwa moyo wote kwamba mji mdogo unaweza kupokea wageni bila kujigeuza duka. Kwamba mgeni akionyeshwa watu wakiwa kazini, atawaona kuwa watu. Kwa hiyo kituo cha kwanza cha kundi langu hakikuwa vibanda vya vinyago bali kiwanda cha barafu, ambako mabonge ya kuhifadhia samaki hugandishwa ndani ya makopo marefu ya chuma yaliyozamishwa katika maji ya chumvi. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa kumi na nne. Wageni walisikiliza kurasa mbili, wakagusa barafu, wakapiga picha, wakataka kuondoka.

Isipokuwa mzee mmoja.

Kibati chake kilikuwa namba tisa. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mashine, mikono nyuma, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani. Ndani, gurudumu kubwa lilizunguka, mkanda ukipiga, na mngurumo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba niliuhisi kwenye meno.

"Alikuwa fundi wa mashine kama hizi miaka thelathini na minane," mkewe aliniambia, akimvuta shati. "Yeye amestaafu. Masikio yake bado." Kisha alinisogelea, sauti ikabadilika. "Binti, moyo wake si mzima. Dawa zake ninazo mimi. Tafadhali, asikae kwenye joto muda mrefu."

Nilimwahidi. Nilimshika yule mzee mkono, nikamtoa, naye akageuka mara mbili kutazama nyuma. Njiani alilalamika kuwa uzi wa kibati unamwasha shingo. Mkewe alimvua, akakitia mkobani mwake pamoja na kadi zao mbili za melini. Nililiona hilo vilevile. Niliyaona yote siku ile. Hilo ndilo linaloniuma.

Kuanzia saa saba wageni waliachwa huru kutembea wapendavyo. Saa tisa na dakika arobaini, boti ya kundi langu ikiwa tayari kung'oka, mkewe alitokea mbio akiwa na vifurushi vitatu na uso mwekundu. Baharia alikuwa akiita. Nyuma yake palikuwa na foleni. Alitundika kibati namba kumi, kilichokuwa chake, kisha akatoa cha pili mkobani na kukitundika kwenye msumari wa tisa.

"Yeye alirudi na boti ya saa nane," alisema akihema. "Aliniambia amechoka, anakwenda kulala."

Nilifungua mdomo. Kanuni ilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Lakini mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwa uzito wa vifurushi, na nikajiuliza mtu anaanzaje kumhoji bibi wa miaka sabini mbele ya foleni kwa sababu ya kipande cha bati. Nikatabasamu. Nikampokea vifurushi, nikamsindikiza. Mlangoni mwa boti baharia alipokea kutoka kwake kadi mbili, kama mimi nilivyopokea vibati viwili, naye pia akatabasamu.

Ubao ulikuwa umejaa. Shangazi alipitisha kidole juu ya namba zote, moja hadi kumi na mbili, akatia sahihi.

"Hongera, mwanangu," alisema, akisahau kwamba alikuwa Msimamizi.

*

Saa kumi na dakika kumi, Spika alikuwa ameketi kivulini akijimwagia maji kichwani.

"Kazi ya leo imenichoma," alisema kwa sauti ya kusikika hadi melini. "Na ile boti ya saa nane! Nimesimama juani nusu saa kuingoja ijae. Wapi! Imeondoka tupu. Hata inzi hakupanda. Wageni wa siku hizi hawachoki, Profesa."

Nilimgeukia.

"Umesema hakupanda mtu?"

"Mtu? Nahodha wake alikuwa anaongea peke yake."

"Una hakika?"

"Mimi? Hakuna aliyetoka kwenye geti hili kabla ya saa tisa. Apite wapi, chini ya kucha zangu?"

Nilikwenda kwenye ubao. Kibati namba tisa kilining'inia kwenye msumari wake, kimetulia, kinang'aa. Kama yule mzee angerudi saa nane, Spika angemdai kibati. Kibati kilikuwa mkobani mwa mkewe. Basi hakupita. Hakuna aliyepita. Mbele yangu palikuwa na bati; mtu alikuwa bado mjini, bila dawa, na moyo usio mzima.

Boti ya mwisho ilikuwa iondoke saa kumi na nusu. Meli yenyewe ilipaswa kung'oa nanga saa kumi na moja, kabla maji hayajaanza kupwa kwenye mkondo wa kutokea baharini.

Shangazi alikuwa mwisho wa gati pamoja na afisa wa meli, kijana mrefu mwenye shati jeupe lisilo na mkunjo. Afisa alikuwa akikunja fomu na kumwonyesha kwa vidole zile meli sita. Nilimvuta Shangazi kando, nikamweleza kwa maneno machache kadiri nilivyoweza. Nilimwona akizeeka.

"Alitundika vyote viwili? Mbele yako?"

"Ndiyo."

"Nawe ukatazama tu."

"Nilitazama."

Alifumba macho. Alipoyafumbua hakunitazama mimi, alitazama fomu mkononi mwa afisa. "Una hakika kwamba hayuko melini?"

"Ninavyoona mimi, hawezi kuwa..."

"Sikuulizi unavyoona. Una hakika?"

"Sina."

"Basi kimbia ukamtafute. Ukimpata, mlete. Ukiwa huna hakika, usifungue mdomo wako kwa huyu bwana. Miaka minne, mwanangu. Miaka minne!"

Nilielewa. Huenda ningekimbia, nikampata, nikamrudisha kabla ya saa kumi na nusu, na hakuna ambaye angejua. Lakini pia huenda ningekimbia nisimpate, na boti ingeondoka ikiwa na fomu inayosema kwamba yupo. Kama ningenyamaza, ningekuwa ninaweka kibati kingine juu ya msumari, safari hii kwa mkono wangu.

Nilimgeukia afisa, nikamwambia kwa lugha yake kwamba abiria mmoja wa kundi langu hajapita getini, kwamba kosa ni langu, na kwamba tafadhali aulize melini.

Shangazi haijui lugha ile. Hakuhitaji kuijua. Aliona uso wa afisa, naye akageuka pembeni.

Afisa alizungumza kwenye redio. Tulingoja. Bahari ilipiga nguzo za gati kidogokidogo. Baada ya dakika mbili ndefu redio ilijibu, na nyuma ya sauti ya baharia nilisikia sauti ya mwanamke ikipanda. Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda hakikulaliwa.

"Kumi na nusu," afisa alisema, akigonga saa yake. "Mkondo haunisubiri mimi wala nyinyi."

"Yuko wapi?" Shangazi aliniuliza. Sauti yake haikuwa na hasira tena, na hilo lilinitisha zaidi. "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Fikiri."

Sikuhitaji kufikiri. Nilimwona amesimama kwenye ule mlango, mikono nyuma, kichwa kimeinama.

"Kiwanda cha barafu."

"Spika!" Shangazi alipaza sauti, na kwa mara ya kwanza alimshinda. "Pikipiki!"

*

Kiwanda kilikuwa kimefungwa kwa kufuli kubwa. Mtambo uliunguruma ndani kama kawaida, maana barafu haina likizo. Hugandishwa usiku na mchana. Nilipiga mlango wa mabati kwa viganja, Spika akapiga kwa teke. Tuliita. Hata sauti ya Spika ilimezwa na ule mngurumo.

"Haiwezekani awe humu," alisema. "Sweta hufunga saa tisa. Angemwona."

Sweta ndiye fundi wa barafu. Huvaa sweta la sufu mwaka mzima, na ukimwuliza husema ni sare ya kazi.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Saa hizi? Kwa kinyozi."

Tulimkuta amelazwa kitini, shingo nyuma, nusu ya kidevu imenyolewa na nusu ikiwa na povu.

"Ulipofunga kulikuwa na mtu ndani?" niliuliza kabla sijafika mlangoni.

"Shikamoo kwanza, binti."

"Shikamoo! Kulikuwa na mtu?"

"Marahaba. Mtu gani? Nilikuwa mbele napakia barafu. Kabla ya kufunga nikaita, 'Kuna mtu?' Kimya. Nikafunga."

"Kwa lugha gani?" Spika aliuliza.

Sweta aliruka kutoka kitini, kitambaa cha kinyozi kikiwa bado kimefungwa shingoni, akaanza kupapasa mifuko kutafuta funguo. Mfuko wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Zilikuwa mezani, chini ya brashi. Tulipanda pikipiki watatu. Mimi nilikuwa katikati. Povu la Sweta lilirukia nywele zangu, na sikuacha kutazama saa. Kumi na dakika ishirini na nne.

Ufunguo ulikwama. Sweta aliutukana, akautoa, akauingiza tena, ukakubali.

Joto lilitupiga usoni. Paa la bati lilikuwa limepigwa na jua kutwa nzima, na mashine nayo ilikuwa ikitema moto wake mle ndani. Mbele ya makopo hapakuwa na mtu. Nilizunguka gurudumu, nikaona kwanza kiatu.

Alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea bomba la maji lililokuwa na ubaridi kidogo, shati limefunguliwa hadi kiunoni. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Nilipiga magoti, nikamshika mkono. Kiganja kilikuwa kimechubuka kwa kupiga mlango. Kwa muda hakufanya kitu. Kisha vidole vikabana vyangu.

"Yuko hai," nilisema, au nilifikiri nimesema. Hakuna aliyenisikia.

Sweta alimlowesha kifua kwa maji ya barafu kwa kile kitambaa cha kinyozi. Mzee alifumbua macho. Nilimsogezea sikio. Alizungumza kwa pumzi fupifupi: alikuja kuitazama kwa dakika kumi tu, mkewe amechoka na habari za mashine, kwa hiyo alimwambia anakwenda kulala. Aliinama nyuma ya gurudumu kutazama mkanda. Aliponyanyuka, mlango ulikuwa umefungwa.

Swichi kubwa nyekundu ilikuwa ukutani, hatua mbili kutoka alipoketi. Niliitazama, nikamtazama yeye.

"Kwa nini hukuizima?" nilimpigia kelele. "Mngurumo ungekoma. Mji mzima ungesikia kimya kile, fundi angekuja mbio!"

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu.

"Barafu yake ilikuwa imeganda nusu," alisema. "Ukizima mashine wakati huu, yote inaharibika. Si mashine yangu."

"Anasema nini?" Sweta aliuliza.

Nikamtafsiria. Sweta alisimama wima, povu limekauka kwenye kidevu. Alitazama makopo yake, akaitazama swichi. Kisha alikwenda ukutani, akashika mpini kwa mikono miwili, akaushusha.

Kimya kilichoingia mle ndani kilikuwa kizito kuliko kelele. Mzee alishtuka na kuanza kupinga, akijaribu kuinuka.

"Mwambie atulie," Sweta alisema kwa ukali. "Mwambie leo mji utakula samaki wabichi bila barafu. Tulia, kaka yangu. Spika, lete mkokoteni! Utandikie magunia yenye barafu."

*

Tulifika getini saa kumi na dakika thelathini na tisa. Nilikuwa nimejitayarisha kuona bahari tupu.

Boti ilikuwa pale. Injini yake ilikuwa ikinguruma, mabaharia wawili wamesimama mikono kiunoni, na afisa alikuwa akizungumza kwa sauti kubwa na mtu aliyekuwa ameketi chini. Mtu huyo alikuwa Shangazi. Alikuwa ameketi kwenye nguzo fupi ya chuma ambayo kamba ya boti hufungiwa, na kamba yenyewe ilikuwa chini yake. Shangazi yangu ni mwanamke mwenye mwili. Alikuwa amekunja mikono juu ya mkoba, magoti pamoja, kama mtu anayengoja zamu yake hospitalini.

"Mwambie mama huyu ainuke!" afisa alinipigia kelele.

Mkokoteni ulisimama. Mzee alikuwa ameketi kati ya magunia, amefunikwa sweta la sufu begani. Afisa alimwona, akaita mabaharia. Redioni mkewe alikuwa akilia na kuuliza jambo lilelile tena na tena. Mzee aliomba redio, akasema maneno mawili, na kilio kikageuka kuwa matusi. Nilijua atapona.

Mabaharia walikwisha kumshika kwapani kumpeleka kwenye boti.

"Bado," Shangazi alisema. Hakuinuka. "Mpe kibati chake."

"Shangazi, wamechelewa, mkondo..."

"Mpe kibati chake. Na usimsaidie."

Nilikwenda kwenye ubao, nikakitoa kibati namba tisa kwenye msumari, nikakiweka kwenye kile kiganja kilichochubuka, nikamweleza. Alinisikiliza kwa makini, kama alivyosikiliza mashine. Kisha akaomba aachwe asimame.

Nilimshikia ubao mbele yake. Mara ya kwanza uzi uligonga ubao. Mara ya pili ulishika kwenye msumari wa nane, akautoa mwenyewe, akisikitika. Afisa alitazama saa, akafungua mdomo. Spika, yeye asiyenong'ona, akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe, akamwomba kimya. Mara ya tatu kibati kiliingia, kikayumba, kikatulia.

Shangazi aliinuka. Sketi yake ya sare ilikuwa imebaki na alama ya kamba, mistari mizito ya unyevu kutoka upande hadi upande. Alimpokonya afisa ile fomu bila kuomba, akaikunjua juu ya mkoba wake, akapiga mstari kwenye sahihi yake ya kwanza.

"Sasa niandikie kwa lugha yao," aliniambia, akinipa kalamu. "Andika alivyorudi, saa ngapi, na nani alikosea. Usifiche lako, na usifiche langu. Nilikwambia unyamaze, liandike na hilo."

"Na zile meli sita?"

"Andika."

Niliandika kwa mkono uliokuwa bado na povu na maji ya barafu, na herufi zikachuruzika. Alitia sahihi chini yake. Boti iliondoka saa kumi na dakika arobaini na nne. Tulibaki gatini, yeye na mimi na Spika, tukiitazama meli hadi ilipogeuka kwenye mkondo bila kugusa mchanga.

"Twende nyumbani," alisema hatimaye. "Shangazi yako hajapika."